Majina Kabla ya Wimbo

Katika muziki wetu wa Kongo jina lina bei. Mwenye duka la simu, mbunge, mchimba dhahabu aliyebahatika, kijana aliyeko Ulaya anayetaka watu wa kwao wajue kwamba mambo yake ni mazuri: kila mmoja anajua kwamba akitoa dola, mwimbaji atalirusha jina lake katikati ya wimbo. Ndiyo mabanga. Zipo nyimbo za siku hizi ambazo majina ya waliolipa yamezidi maneno ya mapenzi. Siwalaumu wanamuziki. Diski haziuzwi tena, redio hazilipi, na watoto wao wanataka kula na kusoma kama wa kwangu. Lakini tangu Desemba 2024 nimekuwa nikijiuliza: yule asiyelipa, au asiyeweza kulipa kwa sababu yuko kaburini, anatajwa na nani?

Swali hilo nililipata Swima, kutoka kwa bendi ambayo haina hata wimbo mmoja wa kwake.

Swima iko kando ya Ziwa Tanganyika, teritwari ya Fizi, kwenye barabara ya taifa namba 5 inayotoka Uvira, inapita Makobola, kisha inaendelea Mboko na Lusenda hadi Baraka. Nyuma yake ni milima, mbele yake ni maji, na ng'ambo ya maji ni milima ya Burundi. Watu wanaishi kwa muhogo na samaki. Samaki ndio wanaopanga hata ratiba ya dansi, na hili mgeni hulishangaa. Ndakala, yaani dagaa, huvuliwa usiku kwa taa. Kwenye giza wanaifuata taa na kuingia wavuni. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linang'aa, taa inakosa nguvu, na mitumbwi inapandishwa mchangani. Kwa siku kadhaa nyavu zinashonwa, na kijiji kinapata wanaume ambao usiku mwingine hawapo. Kwa hiyo bendi hupiga kwenye mbalamwezi. Nilipomwuliza kiongozi wake kwa nini hapigi kila Jumamosi alinijibu, "Yaya, mwezi ukiwa mdogo nitampigia nani?"

Jumamosi ile ya katikati ya Desemba mwezi ulikuwa karibu kupevuka. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na uwanja ulikuwa bado unanuka udongo. Walikuwa wamezungusha uzio wa matete, jenereta wamelipeleka mbali nyuma ya nyumba ili mngurumo usiingie kwenye muziki, na mama mmoja alikuwa anachoma samaki wa mukeke pembeni. Magitaa machache, mojawapo likiwa na uzi uliotolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Tumba mbili. Ngoma za miguu zenye sahani moja tu ya shaba. Kiongozi ni mtu aliyepita miaka hamsini, fundi wa mota za mitumbwi, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Akashika mikrofoni na kusema taratibu, kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa: "Wimbo huu unaitwa Maya. Mtunzi ni Lutumba Simaro. Ameimba Carlyto. Mwaka ni 1984." Akanyamaza kidogo, kisha gitaa la solo likaingia.

Alifanya hivyo kabla ya kila wimbo, usiku mzima. Jina la wimbo, mtunzi, mwimbaji, mwaka, na pale anapojua, mpiga solo. Mwanzoni vijana walikuwa wanapiga miluzi ili muziki uanze. Baadaye nikasikia wengine wanayarudia yale majina chini kwa chini, na wawili walikuwa wanashindana kubahatisha mwaka kabla hajautaja.

Alipofika kwa Franco hakuna aliyepiga mluzi. Akatangaza Mamou, ya 1984, Franco na Madilu System, na baada yake Mario, ya 1985. Mario ni karibu robo saa. Ni kisa cha kijana msomi anayekaa nyumbani kwa mwanamke tajiri aliyemzidi umri, anakula chake, anavaa chake, na bado anamletea fujo. Franco anamsema mpaka amalize. Pale Swima walipiga robo saa yote bila kupunguza. Wazee walikuwa wanatikisa vichwa kwa kukubali, na mama mmoja nyuma yangu alimwambia mwenzake, "Huyu namjua, anakaa Mboko." Wimbo wa miaka arobaini, umetungwa Kinshasa, na Mario yuko Mboko.

Kuna jambo ambalo mtu wa nje ya Fizi hawezi kulijua. Kwa sisi Kilingala kilikuja na bunduki. Kilikuwa lugha ya jeshi la Mobutu, na milimani kwetu Laurent-Désiré Kabila alikuwa na chama chake cha PRP tangu 1967, kwa hiyo askari alipomwona mtu wa Fizi alimwona ndugu wa mwasi. Watu wa rika langu walijifunza maneno ya kwanza ya Kilingala kwenye bariere, vizuizi vya askari barabarani, na hayakuwa maneno ya mapenzi. Lakini jioni lugha ileile ilitoka kwenye redio ikimbembeleza mwanamke, ikilia kwa ajili ya rafiki aliyefariki, ikimshauri kijana. Baba yangu alikataza Kilingala nyumbani kwake. Franco peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa. Alikuwa akiweka redio juu ya kiti, si chini, na sisi watoto tulitakiwa kukaa kimya kama tunavyokaa mbele ya mgeni.

Nimefikiria sana ruhusa ile. Nadhani baba alikuwa anakataa kuwaachia askari kila kitu. Bariere ilikuwa yao, barabara ilikuwa yao, kuku wakiwataka walikuwa wao. Wimbo ulibaki wetu.

Ndiyo maana nilisikiliza pia nyimbo ambazo hazikupigwa. Mwaka 1984, Mobutu alipogombea urais akiwa mgombea pekee, Franco alitoa Candidat na biso Mobutu, wimbo wa kumfanyia kampeni. Bendi ya Swima inaujua. Kiongozi aliniambia hivyo wakati wa mapumziko, tukiwa tunakula mukeke kwa mikono: "Gitaa lake ni zuri, yaya, ni zuri sana. Lakini hapa Fizi, hapana." Hakutoa maelezo mengine na sikuyahitaji. Franco aliimba pia Azda, mwaka 1973, wimbo wa kuwasifia wauza magari ya Volkswagen. Kwa hiyo mabanga hayakuanza jana, na bwana mkubwa wetu mwenyewe alikuwa anayapokea. Anayewapenda wazee hawa na awapende na hayo pia. Mimi nawapenda hivyo.

Nawasikia watu wakisema miaka ya themanini ilikuwa miaka ya raha. Na wamwulize aliyekuwa mwalimu miaka hiyo. Pesa ya zaire ilikuwa inayeyuka mfukoni, mishahara inachelewa au haifiki, na nchi nzima inaishi kwa ile Ibara ya 15 isiyoandikwa popote: jitafutie mwenyewe. Hatukuwa na raha. Tulikuwa na muziki uliofanywa kwa uangalifu mkubwa katikati ya shida, na ni uangalifu ule ninaoukumbuka kwa upendo. Wimbo ulianza polepole. Mwimbaji alieleza kisa chake, sauti za nyuma zikamjibu, gitaa la rizimu likatembea bila haraka, na watu walicheza wameshikana. Sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, ilikuja baadaye, kisa kikiwa kimekwisha, na kila mtu akijua anachezea nini. Leo wimbo unaanza na sebene na kuishia kwenye sebene, na mtoto wangu akiniuliza unahusu nini nakosa la kumjibu.

Karibu na mimi alikaa kijana mmoja, mwanafunzi, amekuja likizo ya Noeli kutoka chuo. Alikuwa anafurahi, mguu wake haukutulia, lakini akaniinamia na kusema, "Papa, hawa hawana yao. Wanakopia tu."

Nilitaka kumjibu, lakini kiongozi alinitangulia bila kujua. Akashika mikrofoni: "Wimbo huu mnaujua wote. Shauri Yako. Mtunzi ni Nguashi Ntimbo, na Festival du Zaïre. Super Mazembe wakaurudia Nairobi." Watu wakageukiana. Wimbo ule unaimbwa harusini kutoka Mombasa hadi Kalemie, na wengi wanauhesabu kuwa wa Wakenya. Wanaojua zaidi wanasema ni wa Super Mazembe, nao walikuwa Wakongo waliohamia Nairobi miaka ya sabini. Lakini Super Mazembe waliuchukua kwa mwingine, wakaupiga vizuri hata ukamfunika aliyeutunga. Sikulaumu kuupiga kwao. Bila wao labda ungebaki Kongo. Nilichokiona usiku ule ni kwamba sentensi fupi ya fundi mota ilitosha kumrudisha Nguashi Ntimbo mbele ya watu mia mbili ambao hawakuwahi kulisikia jina lake, na wakaucheza wimbo wake wakijua ni wake.

Kukopia kuna namna mbili, nilimwambia kijana. Kuna kumeza na kuna kupokea. Anayemeza hataji. Anayepokea anasema nimepokea kwa fulani, kisha anajitahidi asiharibu. Alinisikiliza kwa adabu. Sijui kama alikubali, ila aliuliza jina la Nguashi linaandikwaje, akaliweka kwenye simu.

Na kujitahidi kwenyewe ni kazi kubwa. Mchana ule, kabla ya mvua, nilikuwa nimewakuta wakifanya mazoezi chini ya mwembe. Wana simu moja yenye kadi iliyojaa nyimbo. Anayetafuta besi anaweka simu sikioni, anafunga macho, anarudisha sekunde kumi zilezile mpaka azipate, kisha anampa mwenzake wa rizimu naye atafute zake. TPOK Jazz, bendi ya Franco, walikuwa na mstari mzima wa saksafoni na tarumbeta. Swima hakuna hata moja. Sehemu za tarumbeta wanamgawia mpiga gitaa la mi-solo, na pale zinapokuwa nzito waitikiaji wanazichukua kwa midomo. Usiku sikuona pengo. Walibishana sana juu ya mpito mmoja wa besi katika Mamou, mmoja akisema inapanda, mwingine akisema inakaa palepale, na hakuna aliyesema tuache, nani atajua. Nimefanya kazi katika ofisi ambazo neno hilo husemwa kila siku.

Kwa nini wanatafuta kwenye simu, wakati hizi ni nyimbo za wazazi wao? Kwa sababu kaseti hazipo. Vita vya 1996 vilipotufikia watu walikimbilia ziwani na kile walichoweza kubeba: mtoto, sufuria, Biblia. Kaseti zilibaki na nyumba ziliungua. Novemba mwaka huo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu, mkoani Kigoma, na kwa miaka mingi ikawa kama mji mkubwa wa watu wa Fizi. Kiongozi wa bendi aliingia pale kijana. Gitaa alifundishwa na mzee wa kwaya, na nyimbo za zamani alizisikia upya kwenye redio za Tanzania, safari hii nyingi zikiwa kwa Kiswahili, zikiimbwa na Wakongo waliovuka kabla yetu. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, enzi ambazo Maniema ilikuwa bado ndani ya Kivu. Alifika Dar es Salaam 1978, akapiga na bendi ya Makassy, kisha na Super Matimila, akaimba mambo ya maskini na ya kifo mpaka mtaa wa Sinza ukapata sehemu inayoitwa kwa Remmy. Samba Mapangala, wa Matadi, alikuwa Nairobi na Orchestra Virunga. Mkimbizi anayekaa chini ya turubai akisikia kwamba mtu wa kwao amevuka mpaka uleule na kugeuka sauti inayopendwa na wenyeji, hilo si jambo dogo. Kuanzia Oktoba 2005 watu walianza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, na nyimbo zile zikarudi nao, hazina uzito wala hazihitaji kibali.

Saa tano zikiwa zimepita, jukwaa alipewa mama anayeuza ndakala sokoni. Mchana nilikuwa nimemwona akigombana juu ya bei. Sasa amevaa kitenge cha kijani na yeye mwenyewe ndiye anayetangaza: Nakei Nairobi, ameimba Mbilia Bel, na Afrisa ya Tabu Ley. Mwanamke anayeimba kwamba anakwenda Nairobi, miaka ya themanini mwanzoni, wakati wengi wa mama zetu hata Uvira walikwenda kwa ruhusa ya mume! Wanawake waliinuka wote kwa mara moja, wazee kwa wasichana, wakacheza peke yao katikati, na wanaume tukawaachia uwanja. Sauti yake si ya Mbilia Bel, ni nzito zaidi, ya mtu aliyepiga kelele sokoni miaka mingi. Niliipenda hivyohivyo. Alipomaliza watu walikwenda kumpamba kwa noti, franka za Kongo na za Burundi zikichanganyika kwenye paji la uso lake.

Nje ya uzio walikuwa wamesimama watu. Niliwatambua baadhi yao, mama wa kwaya, shali vichwani, wakisikiliza kwa mbali. Kanisa zetu za pwani hii, za kipentekoste kwa wingi, zinafundisha kwamba huu ni muziki wa dunia na mwamini hauingii. Mimi ni mtu wa kanisa hilo na sitaki kudharau fundisho lililowatoa vijana wengi kwenye pombe na ngumi. Nimeyaona matunda yake nyumbani kwangu. Lakini nawaomba wazee wetu walitazame jambo moja. Magitaa yale yote mawili, la kwaya na la bendi, yana mwalimu mmoja. Nyarugusu kijana aliyetaka kujifunza solo alijifunzia kanisani, na mzee aliyemfundisha alikuwa amezijua nyuzi hizo kwenye dansi kabla hajaokoka. Remmy naye mwishoni aligeukia nyimbo za injili, na alipofariki Desemba 2010 walimlilia wa pande zote mbili. Ukimkataza kijana kumtaja aliyemfundisha baba yake wa kwaya, umemwachia ustadi usio na baba.

Kuhusu haki za watunzi nitasema kidogo. Bendi ya Swima haimlipi mtu kwa nyimbo hizi. Kiingilio kilikuwa franka elfu moja, na nusu yake ilikwenda kwenye mafuta ya jenereta. Franco alifariki 1989, Madilu 2007, Tabu Ley 2013, Simaro 2019, na sidhani warithi wao wanategemea chochote kutoka Fizi. Hilo ni deni la nchi, si la fundi mota. Yeye analipa kwa alicho nacho.

Kabla ya wimbo wa mwisho alitaja jina ambalo halimo kwenye diski yoyote. Sitaliandika, kwa sababu familia yake sijaiomba. Ni la yule mzee wa kwaya wa Nyarugusu, aliyekufa kabla ya kurudi na kuzikwa kulekule. Kiongozi alilisema kwa mpangilio uleule na sauti ileile aliyomtajia Franco: jina, kijiji alichotoka, gitaa alilopiga, mwaka aliofariki. Kisha akasema, "Solo mtakayoisikia ni mkono wake." Kumbe mjukuu wake alikuwepo, msichana aliyekuwa anasaidia kuchoma samaki. Aliacha moto akaja mbele, na watu wakampamba yeye, ambaye hakuimba wala kupiga kitu. Hakuna aliyelipia jina lile. Wimbo wenyewe ulikuwa Kakolele wa Baba Gaston, maana Noeli ilikuwa inakaribia, na tuliucheza mpaka jenereta likaisha mafuta, kisha tukaendelea kwa tumba na midomo.

Februari 2025 Bukavu ilianguka mikononi mwa waasi. Habari ya yaliyofuata barabarani kwetu wasomaji wanaijua, wengi wao kwa miguu yao wenyewe. Maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Burundi, na mpiga besi wa bendi ni mmoja wao. Yuko kambini Musenyi, kusini-mashariki mwa nchi ile, amejiunga na kwaya. Gitaa la besi lilibaki Swima kwa kiongozi, naye alikataa kuondoka.

Juzi mpiga besi alinitumia sauti kwa WhatsApp. Vijana wa kambini wanataka kupiga Kakolele wakati wa Noeli, na mmoja wao amemwuliza Baba Gaston ni nani. Alikuwa anajua wimbo wote, kila noti, lakini kuhusu mtu mwenyewe alikuwa na jina hilo tu. Nilimwandikia: Ilunga wa Ilunga, aliyeondoka Kongo na kundi lake, akapiga Dar es Salaam, kisha Nairobi, na wanamuziki waliotoka kwake mwaka 1976 ndio walioanzisha Les Mangelepa. Alinijibu kwamba hilo la Mangelepa lazima alitangaze, kwa sababu nyimbo zao wanazo pia katika orodha, na sasa anatafuta tumba. Mwenye kujua pa kuzipata karibu na Musenyi, aniambie nimpelekee habari.